Viwete Wabichi kwa Askari Wetu wa Ng'ambo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuja lakini kiti chake kimekuja. Waheshimiwa maimamu, walimu, wakulima wa maembe wa Shibganj, na wewe Mama Sufiya uliyekaa mbele na kikapu mapajani: asalaam aleikum. Kwa wasionifahamu, kama wapo, mimi ni Golam Kibria Talukdar, Mkurugenzi Mwandamizi wa Idara ya Matunda Mabichi ya Askari Walioko Ng'ambo, mwenye shahada mbili, semina zisizohesabika na kisukari kimoja. (Makofi machache.)

Nimekuja kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa ule mpango mkakati shirikishi nilioutangaza hapa hapa kabla miembe haijatoa maua, kwamba serikali itanunua maembe yenu yote ya langra na kuyarusha kwa ndege hadi jangwani wanakolinda amani vijana wetu, akiwemo Koplo Mizan, mwana wa Mama Sufiya, ambaye nasikia anakula matunda ya kopo mpaka ameanza kunuka bati. (Kicheko.) Niliwaagiza msimuuzie mchuuzi hata embe moja, mkatii, na leo maembe yameiva yanadondoka yenyewe, hali ambayo kitaalamu tunaiita utayari wa mzigo. Na lile lori la mchuuzi wa Dhaka mnalolisikia likinguruma nje ya uwanja, naomba mlipuuze. Linaondoka leo, liende salama.

(Mama Sufiya anasimama. "Baba, hayo tumeyasikia. Mwanangu amekula embe au hajala?")

Swali zuri sana, mama, na jibu lake linahitaji upembuzi yakinifu, kwa hiyo kaa kitako. Palitokea changamoto ndogo ya mawasiliano. Mimi na ninyi tunajua langra ni embe, tena embe la kumtoa mtu udenda. Tunajua pia kwamba jina lenyewe maana yake ni kiwete, na kwa nini wazee wetu walilipa embe tamu jina la namna hiyo, wao ndio wanajua. Sasa mtafsiri wangu, kijana msomi, mpwa wangu wa damu, asiyeacha neno bila kulitafsiri, alipeleka ujumbe makao makuu ya kule ng'ambo kwamba tunawaletea viwete wabichi, tani kumi, walazwe kwenye majani makavu, wasibanwe, na wakianza kulainika waliwe haraka. (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anadondosha fimbo.)

Msicheke, haya ni masuala ya kidiplomasia. Wenzetu walipeleka uwanja wa ndege madaktari, machela, magari ya wagonjwa na bibi mmoja wa haki za binadamu, ambaye alilia. Halafu wakajibu kwa heshima zote kwamba viwete wetu wabaki nyumbani na familia zao, na kwamba kuwala hawataweza. Hii inadhihirisha kuwa mradi umepata mwitikio wa kimataifa kwa asilimia mia moja na kumi, ukilinganisha na mwaka jana, ambapo sikuwa nimeufikiria.

(Mama Sufiya hajakaa. "Kwa hiyo ndege haikuruka.")

Mama, ndege ni hiyo iliyochorwa kwenye bango nyuma yangu, na rangi siku hizi ni ghali. Basi nimalizie kwa kaulimbiu yetu, nikisema embe la nyumbani, mnajibu nguvu ya askari. Embe la nyumbani! (Lori linajibu kwa honi.) Namshukuru mpwa wangu kwa tafsiri, mchoraji kwa ndege, na wizara kwa kuahidi kwamba siku itakapokubali kuwa idara yangu ipo, itaifikiria. Zaidi namshukuru Mama Sufiya kwa kikapu alichomletea Mizan, ambacho nitakipokea kwa niaba yake, kwa kuwa ndiyo matunda ya kwanza ambayo mradi huu umewahi kuyaona. Kilete hapa mezani, mama. Na kisu.

(Mama Sufiya anajitwika kikapu chake. "Viwete wangu wanakwenda wenyewe," anasema, na anaelekea kwenye lori. Uwanja mzima unamfuata mbio.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Asante, kiti cha Mkuu wa Wilaya.