Panga la Kumkaribisha Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mke wangu Marcella bado yuko kwao Asumbi na mtoto wetu, Marion. Aliondoka siku nyoka alipotoka kichakani akaingia jikoni na kujikunja kwenye mafiga. Alisema harudi mpaka kichaka cha nyuma ya nyumba kifyekwe. Leo ametuma ujumbe: Jumamosi mamake, Mama Filister, atamleta pamoja na akina mama wa kanisa. Mkwe wangu! Hajawahi kukanyaga boma hili. Akikuta kichaka, atageuka na binti yake hapo hapo langoni.

Nimechoka hata kabla ya kuanza. Lakini akili ninayo. Kwanza, panga.

Panga la zamani halikati hata sukuma wiki. Jirani yangu Mokaya alipita akasema nilinoe tu. Lake limeliwa na jiwe mpaka limebaki jembamba kama kisu cha samaki, na bado analisifu! Nilimwambia asante. Sikumaanisha.

Jumanne, 5 Machi

Soko la Isebania. Jua kali, vumbi la malori. Mama mmoja muuzaji alinionyesha panga jeusi, zito kuelekea ncha, mpini wa mbao. Aliligonga kwa ukucha, likalia kama kengele. Akasema hicho ndicho chuma. Mimi nikaona sura mbaya. Nikachagua linalong'aa, mpini mwekundu wa plastiki. Nililigonga kwa ukucha, likalia kama kifuniko cha sufuria. Si kitu. Panga si ngoma.

Tulibadilishana na jogoo niliyekuja naye kutoka nyumbani. Marcella alikuwa amemweka kwa ajili ya wageni, lakini wageni watakuwa na panga la kutazama.

Jumatano, 6 Machi

Mkono! Malengelenge kiganja kizima. Panga linateleza kwenye mashina kama linayabembeleza. Mokaya aliegemea ua akasema panga la dukani huja bila makali: ulipige tupa kwanza, kisha jiwe na maji, polepole, kutoka mpinini hadi nchani. Akajitolea kuniazima tupa yake.

Polepole! Na mkwe yuko njiani! Nikamwambia siku hizi kuna mashine.

Alhamisi, 7 Machi

Migori mjini, kwa Gisiri, fundi wa kuchomelea vyuma. Ana mashine ya kunolea ya umeme. Cheche mpaka barabarani! Gisiri alitaka kulichovya panga majini kila mara. Nikamwambia anapoteza wakati, akaze tu. Makali yakageuka rangi ya samawati. Nikaona ni urembo.

Lilinyoa nywele za mkono wangu! Nilirudi nikilibeba wazi sokoni. Watu walinipisha.

Nyumbani, shina la kwanza, chwa! La pili, chwa! La tatu, makali yakajikunja kama ukingo wa chapati. Nililirudisha kwa Gisiri kwa miguu. Akasema moto umeua chuma. Akasema alinionya. Watu wa kuonya ni wengi katika wilaya hii.

Ijumaa, 8 Machi

Mbinu mpya. Nilimwambia Mokaya nimemwona mbuzi wake akiingia kichakani kwangu, tena akilia kama aliyenaswa.

Alikuja mbio. Alifyeka bila kupumzika, lile panga lake likipita kwenye mashina kana kwamba ni maji. Alikuwa amefika katikati mbuzi alipolia. Kutoka barabarani.

Mokaya alinitazama. Akafuta panga kwa majani, akaenda zake. Heri angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Walifika mapema wakiimba. Mama Filister akasimama langoni. Wimbo ukakatika. Nilimweleza, macho chini kwa heshima, kwamba kichaka kinafyekwa kwa awamu.

Marcella alimpa mwenzake mtoto, akajifunga leso juu ya gauni la kanisa, akaenda kwa Mokaya na kurudi na lile panga jembamba.

"Baba Marion," akasema, "leta maji ya jiwe."

Nikaleta. Akalinoa taratibu, akijaribu makali kwa ukucha, kisha akaingia kichakani. Mimi nilishika kata ya maji mbele ya wakwe! Nyoka akatoka. Nikajikuta juu ya pipa. Marcella alimkata mara moja akaendelea kufyeka hadi kichaka kikaisha.

Mama Filister aliuliza kwa upole jogoo yuko wapi. Nikasema amesafiri. Wageni walikula ugali na sukuma wiki. Wakati wa kuaga, mkwe alisema binti yake atabaki, kwa sababu boma ni safi na anajua nani kalisafisha.

Walipoondoka, Marcella alinipaka mafuta viganjani.

Jumapili, 10 Machi

Marcella ameniambia niende kwa Mokaya, niombe radhi, niazime tupa, nijifunze kunoa panga letu la zamani. Nimekubali kwa kichwa.

Lakini baada ya ibada nilikutana na mtu wa Masara. Huko wachimba dhahabu, anasema, wana fundi anayetengeneza panga kwa springi ya lori. Halinolewi maisha! Unaliinua tu, linashuka na kukata lenyewe.

Lenyewe! Kesho naamkia Masara. Marcella nitamwambia kuna matanga.