Ofisi ya Usemi Chini ya Hangari la Samaki

"Kwa faida ya taifa, ya mkoa, ya mji, na kwa namna ya pekee kwa faida yenu nyinyi mama mnaouza samaki, tunayo furaha kuwatangazia kwamba kuanzia leo hamtauzia hapa tena!"

Tharcisse, afisa wa protokoli, alishusha kipaza sauti akangoja makofi. Mama wa samaki walimtazama tu. Kwa kuwa makofi yalikuwa yamepangwa kwenye programu, na programu haivunjwi, Tharcisse aliweka kipaza sauti chini akapiga makofi mwenyewe, kisha akaendelea kusoma.

Ndivyo Bunia ilivyopata Huduma ya Mji ya Usemi wa Heshima. Haikuanzishwa kienyeji. Utafiti wa kina ulikuwa umegundua kwamba raia wa mji huu wana tabia ya kusema na kueleweka palepale, jambo linalowanyima viongozi nafasi ya kufafanua. Huduma ilihitaji mahali penye watu wanaosema sana, ikachagua soko la upande wa Rwambuzi. Halafu ilihitaji paa. Sokoni pale palikuwa na paa moja tu la maana, yaani hangari la mama wa samaki, basi kamati haikusumbuka kupiga kura. Meza ikaingia, viti vikaingia, ua la plastiki likaingia, na samaki wakatoka nje.

Godelive alikuwa mmoja wa waliotoka. Aliuza samaki wa moshi na ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, kutoka Mahagi-Port, na alikuwa na sauti ambayo mteja aliye ng'ambo ya barabara hakuwa na njia ya kusingizia kwamba hakuisikia. Hangari lile alilijua jiwe kwa jiwe. Yeye na wenzake ndio waliobeba mawe yake na kuchanga mabati yake, misimu ya mvua ilipowaozeshea samaki wakachoka kulia. Kwa hiyo hakukubali kufukuzwa kimyakimya. Alijifunga kitenge vizuri akaingia kumwona Mkuu wa Huduma, Shefu Blanchard.

"Papa Chef, jambo," alisema. "Mvua ikinyesha, samaki yetu itaoza yote. Hii hangari ni siye tulijenga na mikono yetu. Tunaomba muturudishie."

Shefu Blanchard alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti nzito ambayo hata jua la saa sita halikuwahi kumshawishi aivue.

"Mama," alisema kwa huzuni, "nimeelewa kila neno ulilosema. Hapo ndipo penye shida. Ombi likieleweka mara moja, ofisi italijadili nini?"

"Sasa niombe namna gani?"

"Kwa usemi unaostahili. Siku mtakapojua kuliomba hangari kiheshima, hangari litajibiwa."

Kisha akamtazama Godelive kwa jicho jipya, jicho la mtu aliyeona ngazi ya kupandia. Inspekta alikuwa anakuja kutoka Kinshasa kuamua kama Huduma idumu au ifungwe, na Huduma haikuwa na cha kumwonyesha isipokuwa ua la plastiki. Ilihitaji kielelezo, mtu aliyechotwa sokoni akiwa mbichi kabisa, atakayesimama mbele ya Inspekta akiwa Madame kamili.

Godelive alikubali. Wenzake walimcheka, hasa Espérance, rafiki yake wa meza ya jirani. "Weye utakuwa Madame? Na hii harufu ya ndagala?" Lakini Godelive alisema potelea mbali, kama hangari lina ufunguo wake, na ufunguo ni maneno, basi atayameza hayo maneno hata kama yana miiba.

Masomo yalikuwa magumu. Siku ya kwanza Shefu alimwomba amwite mteja kama kawaida.

"Samaki mutamu! Papa, kuya uone, iko ya leo!"

"Hapana, hapana. Sema hivi: katika mfumo mpana wa upatikanaji wa mazao ya ziwa, tungependa kuwafahamisha wadau wote kwamba hatua za awali za kuwapokea zinaendelea vizuri."

Godelive akaijaribu sentensi hiyo kwa mteja halisi. Alipofika kwenye wadau, mteja alikuwa ameshanunua kwa Espérance na kuondoka. Huduma ikaandika kwamba msongamano mbele ya meza za samaki umepungua sana tangu mradi uanze, na hiyo ilikuwa kweli.

Akafundishwa kukohoa kabla ya kusema. Akafundishwa kumtazama mtu juu kidogo ya paji la uso, ili mtu huyo asijione amezoeana naye. Akapewa fremu ya miwani isiyo na vioo, kwa sababu macho yake yalikuwa mazima na Huduma haikuwa na nia ya kuyaharibu, ila tu alihitaji kitu cha kuvua pale anapoulizwa swali. Jioni alifanya mazoezi nyumbani. Watoto wake walipouliza chakula kiko wapi, aliwajibu kwamba suala hilo limechukuliwa kwa uzito wake, na wakalala wamemkasirikia.

Mwishowe aliiva. Alisimama mbele ya meza ya Shefu, akakohoa, akatazama juu ya paji la uso wake, akaomba hangari kwa sentensi moja ndefu yenye mazingira wezeshi mwanzoni, muktadha katikati na mustakabali mwishoni. Tharcisse alisimama bila kujua kwa nini amesimama. Shefu Blanchard alitoa kitambaa akafuta machozi ya kweli.

"Madame," alisema, "sijawahi kusikia ombi zuri kama hili. Nakuhakikishia kwamba limechukuliwa kwa uzito wake."

Zamani Godelive angeshukuru na kwenda kuwapa wenzake habari njema. Lakini sasa alikuwa amesoma. Alielewa vizuri kabisa alichoambiwa: hangari halirudi. Alitoka nje akakaa kando ya samaki wake, akaanza kuwafukuza nzi.

Siku ya Inspekta ilipofika, mama wa samaki walihamishiwa mbali, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, ili Inspekta asikutane na soko atakapokuja kukagua soko. Hangari likapambwa na matawi. Fanfare ya vijana ikajipanga na matarumbeta yake. Mkubwa mmoja wa mji alikuja kuheshimisha shughuli, akakaa kwenye kiti cha mbele, karibu na kiti kingine kikubwa zaidi kilichoachwa wazi.

Sasa, kila mtu anajua utaratibu wa sherehe zetu. Mdogo anawahi, mkubwa anakawia, na anayefika wa mwisho kabisa ndiye mwenyewe. Watu hawana haja ya kuulizana majina. Gari likisimama baada ya magari yote, mnainuka.

Bahati mbaya, ndege ya Kinshasa ilikosea ikafika kwa wakati. Inspekta Serge, mzaliwa wa Gety, si mbali na Bunia, aliyefanya kazi Kinshasa miaka mingi, alitafuta mtu wa kumpokea asimwone, akapanda pikipiki. Mvua ikamkuta njiani. Alifika hangarini suruali ikiwa imelowa hadi magotini, na mbaya zaidi, alifika saa ileile iliyoandikwa kwenye mwaliko.

"Ni miye Inspekta," alimwambia Tharcisse mlangoni.

Tharcisse alimtazama tope kuanzia chini kwenda juu. "Papa, Inspekta anakuyaka na gari ya jipu. Kaa kule nyuma, utapata sucré."

Serge akakaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya nguzo, akapewa kinywaji chake chenye sukari na mrija.

Wakati huo Godelive, aliyepaswa kuwa mstari wa mbele na suti ambayo Huduma ilimvisha kama kielelezo, hakuwepo. Mvua ilipoanza aliwaza samaki, akakimbia hadi barabara ya uwanja wa ndege, akakamata turubai upande mmoja na Espérance upande wa pili. Waliokoa walichoweza. Ndagala nyingine zilikwenda na maji, na Espérance akalia waziwazi. Hapo ndipo jipu jeusi la Huduma, lenye vioo vya giza, lilipopita likirudi tupu kutoka uwanjani. Dereva wake, Vital, alikuwa jirani ya Godelive kule Rwambuzi.

"Panda, mama. Utachelewa."

"Nilishachelewa," alisema Godelive, akapanda.

Jipu likasimama mbele ya hangari. Fanfare ikalipuka. Watu wote wakainuka. Shefu Blanchard alikimbia mwenyewe kufungua mlango, akainama, akanyanyua macho, akamwona mwanafunzi wake na magamba mawili ya samaki begani.

Shefu alifungua kinywa. Lakini mkubwa wa mji alikuwa ameshainama na kuushika mkono wa Godelive kwa mikono yote miwili. "Karibu sana, Madame l'Inspectrice! Ah, na marashi gani haya? Ya Ulaya?" Mtu aliyeinamiwa na mkubwa hawezi kuinuliwa tena kuwa muuza samaki, maana itabidi kwanza mkubwa aambiwe ameinamia nini. Shefu akafunga kinywa, akampeleka Godelive kwenye kiti kikubwa.

Nyuma, Serge alisimama. "Hapana! Inspekta ni miye."

Shefu aliamua kulimaliza jambo hilo kitaalamu. "Kama wewe ni Inspekta, bwana, umekuja kufanya nini?"

"Kuangalia kama hii ofisi inasaidia mutu."

Hangari zima likaangua kicheko. Mwongo angalau angejifunza kwanza namna Inspekta anavyosema. Wakamwongezea sucré nyingine, wakamkalisha.

Godelive akapewa kipaza sauti. Alikohoa. Alitazama juu ya mapaji ya uso. Alianza na mazingira wezeshi, makofi yakapigwa. Akafika kwenye wadau, makofi yakazidi. Akavua miwani isiyo na vioo, na mkubwa wa mji akatikisa kichwa kwa kuguswa. Angeweza kuendelea hivyo mpaka jioni bila kumdhuru mtu. Lakini mvua iligonga mabati yale aliyoyachangia, akamkumbuka Espérance na machozi yake, na sauti ya ofisi ikamtoka mwilini.

"Hii hangari iko ya samaki," alisema, kwa sauti iliyovuka barabara. "Mama wako kwa mvua, na meza yenu iko pakavu. Mutoe hii vitu. Leo. Sasa hivi."

Shefu Blanchard alishika ua la plastiki asianguke. Kisha mkubwa wa mji akainuka machozi yakimlengalenga.

"Mmeona?" alisema. "Wakubwa wa kweli ndivyo walivyo. Wanajua kushuka hadi kwenye lugha ya raia!" Na kwa kuwa hakuna wakati mzuri wa kuonekana unafanya kazi kuliko mbele ya mgeni kutoka Kinshasa, akaamuru amri itekelezwe papo hapo. Fanfare ikaweka matarumbeta chini ikabeba meza. Tharcisse alibeba viti. Mpaka mvua inakatika, Huduma ya Mji ya Usemi wa Heshima ilikuwa imewekwa yote kando ya mtaro, na mama wa samaki walikuwa wanarudi na mabeseni kichwani.

Asubuhi yake Shefu Blanchard alikuja hangarini bila kulala. Alimkuta Godelive amepanga samaki wake, na mbele yake Inspekta Serge, suruali imekauka, akichagua.

"Madame l'Inspectrice," Serge alikuwa anasema, "hii ndagala iko ya leo?"

"Ya leo, papa. Onja."

Serge alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia Shefu. Hakuwa na hasira. "Papa Chef, nilikunywa sucré yako. Sasa miye naandika ripoti yangu leo. Niambie tu na maneno mafupi: ofisi yako inafanyaka kazi gani?"

Shefu Blanchard alikohoa. Alivua miwani. Alitazama juu kidogo ya paji la uso la Inspekta. Alisema "katika mfumo mpana wa", akasimama, kwa sababu Serge alikuwa ameinua kidole. Maneno mafupi. Shefu akayatafuta. Aliyatafuta kwa moyo wote, jasho likimtiririka ndani ya suti, na kinywa chake kilifunguka na kufungika, na hakuna kilichotoka. Wateja walikuwa wameanza kujaa nyuma yake na mabakuli yao. Hata Espérance alimwonea huruma.

"Papa Chef," alisema Godelive kwa upole, "sogea kidogo. Uko unafungia watu njia."

Na Shefu Blanchard, Mkuu wa Huduma ya Mji ya Usemi wa Heshima, akasogea.