Pua ya Injinia

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia. Jina hilo alipewa na watu aliowauzia vitu visivyowaka, naye akaona si adabu kulikataa. Siku tunayokutana naye alikuwa ameketi kwenye benchi la kampuni ya bima ya afya, mkono mmoja mfukoni, na si kwa maringo. Alikuwa na ngiri. Daktari alimwambia apasuliwe mapema kabla utumbo haujajinyonga, kisha akamtajia gharama, na hiyo gharama ikamuuma kuliko ngiri yenyewe.

Alikuja kukata bima leo ili apasuliwe kesho. Karani wa dirishani akamkatalia kwa upole: aliyekwisha kuugua hapokelewi. Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi, na sauti yake ilisikika ikilalamika kwenye simu kwamba watu siku hizi ni waongo, wanakuja wakijifanya wazima, wakishapata kadi wanaanza kuanguka. Ukutani televisheni ilikuwa ikionyesha watafiti na chombo chao chenye vihisio vya harufu: mgonjwa anapuliza, chombo kinachambua pumzi, daktari anapata fununu ya ugonjwa. Watafiti walisisitiza kwamba kazi bado inaendelea. Maneno hayo hayakumfikia Injinia. Yeye alisikia sauti mbili, ya televisheni na ya mlangoni, akazifungisha ndoa palepale benchini.

Hazikupita siku nyingi akarudi amevaa koti jeupe, amebeba pua ya kielektroniki. Kwa nje ilikuwa mashine ya saluni ya kukaushia nywele, iliyopakwa rangi na kuchomekwa mrija. Kwa ndani ilikuwa kengele ya jikoni, ile inayolia gesi ikivuja. Kengele hizo zina tabia moja: zikipata harufu ya spiriti, nazo hulia. Juu ya tabia hiyo moja Injinia alijenga elimu nzima ya tiba.

"Bosi, mgonjwa anaweza kukudanganya kwa mdomo," alisema, "lakini pumzi yake haijui uongo. Ini lina harufu yake, mapafu yana yake, sukari ina yake. Hii inazijua zote."

Mkurugenzi aliigeuzageuza mashine, akaigonga ubavuni kwa kidole, kisha akauliza swali moja tu: ukali wake unarekebishika?

Injinia akamtazama vizuri. Halafu akaeleza, kwa uso wa mtu aliye msibani, kwamba yote yanategemea usafi. Mwendeshaji apake kitakasa mikono, kile cha spiriti, kabla ya kila mteja. Vidole vikikauka, pua inakuwa na huruma. Vikishika mrija vingali vibichi, inakuwa kali mno. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, naye akiwa na uso uleule wa msibani. Watu wazima wawili walielewana bila kuvunjiana heshima, wala ya sayansi hawakuivunja.

Malipo? Injinia alisema yeye ni mtumishi wa binadamu, hataki fedha. Wampe tu kadi ya bima, ile ya daraja la juu. Mkurugenzi akakubali upesi mno. Siku nyingine Injinia angeshtuka, maana yeye mwenyewe hukubali upesi hivyo anapokuwa na lake. Lakini siku hiyo ngiri ilikuwa inamchoma, akaipokea kadi kwa mikono miwili.

Kazi ikaanza. Waliokuja kujiunga walikuta vidole vya karani vibichi. Dereva wa lori akapuliza, taa nyekundu, mapafu. Mwalimu akapuliza, nyekundu, ini. Wakaambiwa sheria imelegezwa, wanaweza kuingia kwa ada ya wagonjwa, wakaingia wakishukuru kwa kugunduliwa mapema. Waliokuwa na kadi tayari na wanataka kutibiwa, kwao vidole vilikaushwa kwa feni. Taa ikawaka kijani, wakaambiwa ni wazima, warudi nyumbani wakapumzike. Mmoja alipewa habari hiyo njema akiwa amebebwa. Injinia alikuwa akipita ukumbini, akiitazama foleni na kuvimba kichwa. Hakumwonea huruma hata mmoja, na ninalisema hilo ili msomaji asije akamwonea yeye haraka.

Kisha ngiri ikagoma kurudi ndani. Hospitali ikampangia upasuaji siku ileile na kuipigia kampuni simu kuomba idhini. Ikajibiwa kwamba idhini hutolewa baada ya mwenye kadi kunuswa, bila upendeleo. Injinia akaja amejipinda, jasho likimtoka, lakini bado akitabasamu. Mashine si yake?

Karani alimpokea vizuri, chupa ya kitakasa mkononi.

"Injinia, Bosi kasema wewe uchague mwenyewe. Vikauke au viwe vibichi?"

Injinia akapiga hesabu. Vikikauka, yeye ni mzima, na mzima hapasuliwi. Vikiwa vibichi, alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, hakulipa ada ya wagonjwa, na kadi ni batili. Aliitengeneza vizuri mno, hakujiachia hata kidirisha cha kutokea.

Akajikokota hadi kwa Mkurugenzi. Akalia, na kwa mara ya kwanza machozi yalikuwa yake kweli. Akasema utumbo unajinyonga, atakufa.

"Pole," Mkurugenzi alisema. "Sema hapa kwamba mashine ni ya uongo, nakulipia sasa hivi. Halafu polisi watakusindikiza mpaka hospitali."

"Bosi... kumbe ulijua?"

"Mke wangu anayo kengele kama hiyo jikoni. Mimi sikuhitaji pua, Injinia. Nilihitaji sababu."

Injinia akairudisha kadi mezani. Sasa ilibaki hospitali ya umma na foleni yake, kama utumbo ungemsubiri. Alipotoka, amekamata ukuta, bibi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akamshika mkono. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Alisema amelipia bima miaka mingi, leo amekuja kuomba asafishwe macho, na hiyo mashine inamtia hofu. Je, ni ya kweli?

Injinia akainama hadi sikioni mwake, na sijui kwa nini alifanya hivyo, maana hakukuwa na faida yoyote ndani yake.

"Bibi, nisikilize. Ile ni kengele ya gesi. Niliitengeneza mimi, ni utapeli mtupu. Usipulize."

Bibi akampapasa kiganja kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Kila aliyekataliwa anasema hivyohivyo."

Akaitwa. Akajifuta midomo vizuri kwa leso, asije akaichafua mashine, akaenda kupuliza.