Ngala na Pampu ya Joto

Kuuza joto Garsen, mji wa jua kali, ni kumuuzia mamba meno. Lakini Ngala wa Minjila, hapo jirani, aliapa atauza, tena kwa jumla na rejareja!

Ngala alikuwa na gesti ya vyumba sita na mdomo wa hoteli ya ghorofa kumi. Alisikia kwamba watu wa semina hawaogi bila maji moto. Basi akaenda Malindi, akarudi na dude jeupe lenye feni tumboni, linalonguruma kama kiboko mwenye mafua. Pampu ya joto!

"Hii haichemshi maji kwa stima," alimfafanulia mkewe, Dama. "Inanyonya joto la hewani, inalitia kwenye tangi. Stima ni ya kuizungusha tu. Unaweka yuniti moja, unavuna joto la yuniti tatu!"

"Baba Rachael, si ungeweka tangi jeusi juani? Jua la hapa halidai tokeni."

"Jua ni la washamba!"

Kwa kuogopa wezi, akaifungia stoo. Dirisha akaliziba kwa matofali, mlango wa chuma akautia kufuli mbili. Hata mbu alihitaji kibali.

Ajabu, tokeni za stima zikaanza kuyeyuka kama barafu kwenye kikaango. Ngala akajipa moyo: "Bado inajizoesha."

Ndipo akaja Mitchelle, injinia wa shirika moja, akitafuta gesti isiyofuja umeme awalaze watu wake msimu mzima. Ngala akavimba kifua hadi kifungo kikaruka.

"Madam, moja kwa tatu! Ukitaka, andika nne!"

Mitchelle hakuandika. Alisoma mita, akapima maji ya tangi, akasubiri, akapima tena. Kisha akakuna kichwa.

"Bwana Ngala, hii inatoa moja na chenji. Hita ya kawaida ingekaribia hapohapo."

"Mita ni mgonjwa!"

"Mashine yenyewe iko wapi?"

Kufuli zikafunguliwa. Baridi ikawapiga usoni kama kofi la mama mkwe! Na mle ndani, kajifunika shuka mbili, alikuwa ameketi Abdia, muuza maziwa, kati ya madebe yake.

"Abdia! Umeingiaje?"

"Dama hunifungulia, kisha hufunga tena kufuli. Maziwa yangu hayachachi tena."

Mitchelle akacheka hadi akashika ukuta. "Bwana Ngala, mashine inakula joto la hewa, nawe umeifungia chumbani. Imelimaliza lote, sasa inalamba sahani, ndiyo maana inakesha ikila stima. Ingekuwa nje, ungepata tatu zako. Kinachokuokoa ni haya maziwa yanayoingia na uvuguvugu wa ng'ombe."

"Yaani maji yangu yanachemshwa na ng'ombe wa Abdia?"

"Na hujawahi kusema asante," akasema Abdia.

Ngala akanywea. Msimu wa wageni ulikuwa unampita hivihivi! "Madam, naitoa nje sasa hivi!"

"Usiiguse!" Mitchelle alikuwa ameshaketi juu ya debe, jasho likimkauka. "Maji moto nani anayataka huku? Nachukua vyumba vyote, na semina tutafanyia humu."

Basi wageni wakajazana stoo, mlango ukaachwa upenyo. Joto la miili yao likaishibisha mashine, ufanisi ukapanda, wakaburudika kama wako kwenye baridi ya Limuru. Ila kulikuwa na jambo dogo: tangi likijaa maji moto, mashine inazima, na baridi inakatika. Ili iwake, lazima mtu ayatumie yale maji. Wageni wakakataa. Dama akakataa. Abdia alicheka tu. Na kumwaga maji yaliyogharimu tokeni? Ngala angekufa kwanza!

Jua la saa saba likiwaka, Ngala alitoka bafuni mara ya tano, mwekundu kama kaa wa Kipini aliyechemshwa, akifuka mvuke. Kabla hajafunga taulo, stoo ikapiga kelele kwa sauti moja:

"Bwana Ngala, joto limeanza! Kaoge tena!"