Boga la Mwalimu Tobiko

Jumatatu, 10 Machi 2025
Siku mbaya. Mwalimu mpya, Tobiko wa kutoka Enguserosambu, kafundisha nishati darasa la sita. Kaning'iniza boga kwa kamba kwenye tawi la mti. Kalivuta mpaka likagusa pua yake, kaliachia, kasimama palepale. Boga likaenda, likarudi, likaishia kidole kimoja mbele ya pua. Hata kope hakupepesa! Makofi hayo, mpaka kuku wa Mwalimu Mkuu wakatawanyika. Mimi nafundisha Sayansi hapa Rhotia tangu yeye anachunga ndama. Sijapigiwa makofi hata siku moja.

Jumanne, 11 Machi
Mezani, binti yangu Dorkasi wa darasa hilohilo la sita, ninayemlisha mimi, kaanza bila kuulizwa. Eti boga likiwa juu lina nishati tuli. Likishuka, inageuka nishati mwendo. Likipanda tena, inarudi kuwa tuli, ndiyo maana haliwezi kupita pale lilipoachiwa. Nikamwambia hayo nilimfundisha mwaka jana. Akasema mwaka jana alinakili tu. Mke wangu Marsela kacheka hadi makande yakampalia. Kisha kauliza kama Mwalimu Tobiko ameoa. Anamuulizia mdogo wake, eti!

Jumatano, 12 Machi
Mwalimu Mkuu, Madam Evarista, katangaza kuwa Afisa Elimu Kata anakuja Ijumaa kuona somo moja. Akamgeukia Tobiko. Nikanyoosha mkono kabla hajafungua mdomo. Tobiko akasema hana neno, mimi ndiye mkubwa wake kazini. Upole wa kuudhi!

Boga ni mchezo wa watoto. Nitatumia ndoo ya mchanga. Tena sitaiachia tu kama yeye. Nitaisukuma.

Ijumaa, 14 Machi
Niliisukuma. Kwa nguvu zote, mbele ya mgeni. Ikapaa juu kuliko boga lolote! Nikamtazama Tobiko nione anavyoumia. Alikuwa anapunga mikono, anapiga kelele: "Mwalimu Piusi, rudi nyuma! Rudi nyuma!"

Wivu huo. Sikurudi.

Pua. Miwani. Mchanga mpaka kooni. Darasa zima likapiga makofi, na Afisa naye, kabla hajajizuia. Nikapelekwa zahanati kwa bodaboda. Dorkasi anasema somo alilimalizia Tobiko, na mfano nilikuwa mimi.

Jumamosi, 15 Machi
Tobiko kaja kunipa pole, na kibuyu cha maziwa. Marsela kamtolea kiti cha wageni. Tobiko kanieleza taratibu: ukiiachia tu, ndoo inarudi na nishati ile uliyoipa ulipoiinua, ukiisukuma, umeiongezea nyingine, nayo inakuletea yote usoni. Marsela akaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Mimi nikashukuru. Nimeelewa kabisa: kosa lilikuwa la kamba.

Akadokeza kuwa Jumatatu anawapeleka watoto mteremkoni kuviringisha tairi la pikipiki. La pikipiki! Nimeshampigia Emmanueli mwenye trekta. Ananiazima tairi la nyuma.

Nitakaa ndani yake.