Kiti cha Buluu Kando ya Lamduan

Ijumaa, 6 Juni

Bancha amekalia kiti! Kile cha plastiki, cha buluu, kando ya Lamduan, mjane wa vitumbua. Tangu mumewe atutoke hakuna aliyethubutu kukikalia, na mimi, fundi wa funguo na saa, nakitolea macho tangu mwaka juzi. Leo muuza nguruwe kajibwaga pale kama kwao.

Kisa ni tamthilia. Kila Ijumaa soko likifungwa, watu wanajazana kibandani kwa Lamduan, penye vitumbua vya nazi, kutazama “Mvua ya Mwaka wa Tatu”. Vijana wawili wa kiume: Singkhon anasomea uhandisi, Daen anasomea udaktari. Wanapendana na hawaambiani. Wiki ya sita hii, hawaambiani! Leo Singkhon kamvika mwenzake koti kwenye mvua, na Bancha akalia. Machozi ya kweli. Lamduan akamwambia, njoo ukae hapa, kaka wa watu.

Nami nikatoa maoni. Nikauliza kwa nini vijana hawa hawabebi mwavuli, maana hapa Ratchaburi hata mbwa anajua msimu wa mvua umeingia. Mama Malai wa mboga akaniambia kama sina moyo nikachonge funguo. Lamduan hata hakunitazama. Aliinamia jiko lake, mabega yakimtikisika. Hasira hizo. Kilichobaki nimekitazama nikiwa nyuma ya friji, naona nusu ya Daen.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa mtaalamu. Tong anauza maua na mumewe, Wirot. Walikuwa pamoja miaka na miaka, na Januari sheria iliporuhusu wanaume kuoana wakafunga ndoa, soko zima likala pilau ya bata. Nikasema huyu ndiye atanipa siri ya tamthilia hizi.

Tong alicheka hadi akaangusha jasmini. Akasema ni uongo mtupu, Mjomba. Yeye na Wirot mvua ikinyesha hawatazamani machoni, wanagombana nani kasahau kufunika maua. Na nywele za Wirot hazijawahi kupeperuka polepole hata siku moja.

Nikamuuliza, sasa mbona hukosi hata Ijumaa moja? Akainama kuokota jasmini zake. Akasema alipokuwa kijana, watu kama yeye kwenye televisheni walikuwa wa kuchekwa, na wasipochekwa, basi mwishoni wanakufa. Akasema, “Waache hawa wabusiane, Mjomba. Hata uongo una zamu yake.”

Macho yake yalikuwa mekundu. Nimesikitika, kwa kweli. Lakini hakunipa mbinu hata moja.

Ijumaa, 13 Juni

Mbinu nimeibuni mwenyewe. Lamduan anapenda mwanamume anayelia? Atapata mafuriko. Nimejipaka dawa ya kuchua chini ya macho. Ile kali, ya kichupa cha kijani.

Kupaka nimepaka mapema mno! Machozi yakanibubujika Singkhon hajatokea bado, wakati wa tangazo la mchuzi wa samaki. Mama Malai akauliza Mjomba Sawaeng ana nini na mchuzi wa samaki. Kisha sikuona kitu. Upofu! Nikajigonga kwenye friji. Bancha akanipa leso yake, inanuka utumbo.

Lamduan akanifuta kwa kitambaa cha maji baridi. Vidole vyake vina harufu ya nazi. Akaniuliza nani kaniambia lazima nilie, si nikae tu nitazame kama watu. Maskini, anaficha jinsi alivyoguswa.

Jumatatu, 16 Juni

Shangwe! Tamthilia imetoka kwenye kitabu, na kitabu nimekipata. Nimeanzia mwisho, mimi si mjinga. Daen anakwenda ng'ambo na anafia huko. Singkhon anabaki na koti.

Soko lote roho juu, maana Ijumaa ndiyo ya mwisho. Mama Malai anaapa watafunga ndoa, tena anaapa hata waigizaji wenyewe wanapendana kwelikweli, eti angalia wanavyopeana maji ya kunywa. Bancha hali vizuri. Lamduan kasema wakitengana anaifunga televisheni na hataiwasha tena. Kasema maiti aliyemzika anamtosha.

Nilitaka kumwambia, nikajizuia. Mtu mwenye siri ni mtu mwenye mtaji.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimekuwa shujaa. Bancha alikwenda kwenye kibanda cha mizimu, kwenye sanamu ya Babu wa Soko, mzimu anayetulinda, akaweka nadhiri: vijana wakiishia pamoja, ataleta mayai ya kuchemsha. Mayai! Nikasukuma watu nikapita. Nikawasha ubani, nikamfungulia Babu soda nyekundu, nikatamka kwa sauti kwamba wakiishia pamoja, mimi Sawaeng nitacheza ngoma hapa mbele yake, asubuhi, soko limejaa, nimevaa mavazi ya wachezaji wa hekaluni. Taji. Kucha ndefu za shaba. Kila kitu.

Makofi! Ujasiri wa bure kabisa, kwa kuwa Daen ni marehemu tangu ukurasa wa mia tatu.

Lamduan kanitazama sana. Akaniambia, “Kaka Sawaeng, Ijumaa njoo mapema, kile kiti nitakuwekea.”

Ijumaa, 20 Juni

Nimekikalia! Kina mguu mmoja mbovu, lakini nimekikalia.

Daen alipofika uwanja wa ndege, Lamduan alikuwa ameshika kisu cha vitumbua kwa mikono miwili. Nikaona ndiyo saa yangu. Nikampigapiga mkono, nikamnong'oneza, pole, Dada, jikaze, ni mapenzi ya Mungu. Akaniuliza pole ya nini.

Wakati huohuo Daen akageuka. Akatupa tiketi! Akakimbia kurudi, mvua inamwagika, Singkhon yuko barabarani, na mkononi ana nini? Mwavuli! Akaufungua, wakabusiana chini yake. Mayowe yalifika stesheni. Bancha alimkumbatia Mama Malai. Wirot akamshika Tong mkono mbele ya watu wote na hakuuachia.

Nikapiga kelele kwamba si halali, kitabuni kafa! Hakuna aliyesikia. Mama Malai anasema ni kazi ya soko letu, watu wamekuwa wakiandika maoni kwenye ukurasa wa tamthilia mtandaoni wiki zote hizi, wasimuue Daen. Tong anasema upuuzi, mwisho ulisharekodiwa zamani. Wamebishana, na mimi nimekaa tu, nawaza zile kucha za shaba.

Jumapili, 22 Juni

Nilisema goti linauma. Bancha alikuwa ameshakodi mavazi.

Nimecheza. Taji lilinishuka hadi puani. Kucha moja ikanasa kwenye shada la maua la sanamu, nikavuta, Babu wa Soko mwenyewe nusura aanguke. Mbwa alinifuata akidhani natania naye. Watoto, simu, vicheko, balaa tupu. Nilipomaliza nilitaka ardhi inimeze.

Lamduan alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Baadaye akaniletea chai ya barafu. Akaniambia kiti ni changu, kila Ijumaa, kwa sharti moja: nisilie, nisiweke nadhiri, niseme tu lile ninaloliona. Kwa sababu ile siku niliyouliza habari ya mwavuli, alipoinamia jiko, alikuwa anajizuia asicheke. Kasema alikuwa hajacheka tangu msiba. Na kwenye ule ukurasa wa maoni yeye aliandika jambo moja tu: wapeni mwavuli.

Moyo wangu! Nimekunywa chai na vipande vya barafu nimevitafuna.

Jumatano, 25 Juni

Kesho kutwa inaanza tamthilia mpya. Wapishi wawili, mmoja tajiri. Niseme ninaloliona? Hatari! Na kama sitaona kitu? Mwavuli ulikuwa bahati, bahati haina mazoea.

Kwa hiyo nimejipanga. Nimekusanya maoni ya watazamaji mtandaoni na kuyakariri, mengine yana machozi ndani. Na kitabu ninacho. Nimeanzia mwisho: ndoa, keki, wazazi wote wamekubali. Imeandikwa wazi.

Basi leo nimepita kwa Babu wa Soko, kimyakimya, Mama Malai tu ndiye kaniona. Nimeweka nadhiri kwamba wapishi wakiachana, nanyoa kichwa na nyusi zote mbili. Lamduan akisikia ninavyojiamini, atanipenda jumla.

Tong kapita na maua yake, kaniambia wenye tamthilia wanalemewa na maoni, watu wamechoka na ndoa, safari hii wanataka kulia. Nimemcheka. Watazamaji ni nani hata wabadilishe kitabu? Nyusi zangu ziko salama.