Redio za Binti Yangu Zimekwama Forodhani

Jumatatu, 3 Machi
Redio koli za binti yangu zimekwama forodhani. Boksi zima! Kaziagiza ng'ambo kwa ajili ya walinzi wa kampuni yake ya ulinzi, zile zinazoshika masafa mawili. Mamlaka ya mawasiliano inasema hazitoki mpaka zipimwe zipate kibali. Na hospitali imempa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo: walinzi waje na redio, la sivyo kazi anapewa mwingine. Binti hali, halali. Nimemwambia kibali huandikwa na mtu, na kila mtu ana mama. Akasema, Mama, nakuomba, kaa nyumbani. Nimekubali. Kesho naenda.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda. Fundi wa kupima ni kijana mwembamba, shati limemning'inia kama limeanikwa. Nikamuuliza nani anampikia. Akaniamkia vizuri, akasema sampuli iko kwenye foleni, bibi, lazima ipite kwenye mashine waone haiingilii masafa ya watu wengine. Mashine ya nini? Mimi nina masikio! Akacheka, akanifungulia mlango kwa adabu. Wa kutokea. Kijana mzuri. Simpendi.

Nyumbani nikamkuta mkwe wangu, mama wa mume wa binti. Eti ana jamaa yake kule ndani, simu moja tu mambo kwisha. Jamaa mwenyewe anamwagilia maua!

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya.
Kabatini kwa binti kulikuwa na redio mbili za mfano, zilitangulia kwenye begi la mtu. Nimeziazima bila kumsumbua kwa kumwambia. Moja nikampa mkwe, akae duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Nyingine nikaingia nayo ofisini, fundi asikie mwenyewe zilivyo nzuri. Ukutani pana tangazo refu. Nilisoma neno la kwanza, MARUFUKU, nikachoka. Nikazungusha kidude cha juu, nikabonyeza, nikamwita mkwe.

Akaitika mwanamume. Akauliza mimi nani na natafuta nini kwenye masafa ya zimamoto. Nikamwambia atoke yeye, mimi nina shughuli. Nikaendelea kumweleza mkwe kwamba fundi amekonda lakini macho yake yana huruma. Kikosi kizima cha zimamoto kimesikia! Fundi alitoka mbio kutoka chumba cha mashine, aibu imemjaa usoni. Redio yangu ikakamatwa. Ya pili mkwe aliileta mwenyewe, analia, anasema nilimlazimisha. Msaliti.

Ijumaa, 7 Machi
Binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kitandani kwangu na viatu vyake, akasema, Mama, ile hospitali ndiyo mishahara ya watu wangu wote. Nikamvua viatu, nikamkanda miguu mpaka akasinzia mdomo wazi, kama alipokuwa mdogo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Kumbe zimamoto walilalamika kwa wakubwa, na wakubwa wakaamuru redio za binti zipimwe kwanza kuliko zote. Zimeonekana zinavuka mipaka ya masafa yake. Fundi anasema dawa yake ndogo: zifungwe kwa kompyuta zibaki kwenye masafa yaliyoruhusiwa, zipimwe tena. Binti ameshapeleka mtu kuzifunga. Kwa hiyo zimeruka foleni kwa sababu ya nani? Nimemuuliza binti hivyo hivyo. Akaangalia dari.

Alhamisi, 13 Machi
Kibali kimetoka! Boksi limetoka! Mkwe anasema ni jamaa yake. Tukanuniana mpaka chai ikapoa, tukaipasha, tukainywa. Binti amenikumbatia hadi mbavu zikalia, kisha akaniapisha nisiguse redio tena maishani. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Jumamosi, 15 Machi
Walinzi wameanza kazi jana. Leo redio moja ilibaki mezani kwa binti, peke yake, inakoroma. Sikuigusa. Nilibonyeza tu. Nimewauliza kama wamekunywa chai. Wa getini nimemwambia avae sweta. Wa wodi ya wazazi kagombana na mkewe, kila mtu anajua, nimemweleza pa kuanzia kuomba msamaha, na makosa yake moja moja. Wamenyamaza wote, wananisikiliza. Watoto wana adabu! Mkwe ndiye kagundua: ukikibana hiki kitufe usikiachie, hakuna mwingine anayeweza kusema. Chombo cha maana sana. Simu yangu inalia toka saa tatu, ni binti. Asubiri. Niko kazini.